Taka za nyumbani kuwa nishati: uliza kwanza ni taka gani

Swali la msomaji: "Kila inapotajwa mitambo ya kuchoma taka na kufua umeme, tunaambiwa ni nishati safi. Wapo wanaopinga, wakisema huko ni kuutoa uchafu ardhini na kuupeleka hewani. Tena kuna wanaopata gesi ya kupikia kutokana na mabaki ya jikoni, na wengine wanayeyusha plastiki ili wapate mafuta. Mimi hutenganisha taka zangu nyumbani. Nataka kujua, kwa upande wa mazingira, faida ya kweli iko wapi?"

Ndugu msomaji,

Pande zote mbili zina hoja. Anayeiita nishati safi anaulinganisha mtambo na dampo la wazi linalofuka moshi usiku na mchana. Anayesema ni uchafu uliohamishwa anaulinganisha na mahali ambapo maganda yamekuwa mboji, karatasi na chupa zimerejelezwa, na kilichobaki ni kidogo. Kwa hiyo huwezi kupata jibu kabla ya kuuliza mambo mawili: ni taka gani, na ingekwenda wapi kama isingegeuzwa nishati. Nitayashika hayo mawili mpaka mwisho wa jibu hili.

Tuanze damponi. Mabaki ya chakula, maganda na majani yakifukiwa chini ya rundo refu hukosa hewa. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huyaozesha na kutoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi. Methani ndiyo ya kuogopwa. Kilo moja ya methani, athari yake ikipimwa kwa miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Ikipimwa kwa miaka 20 huzidi mara 80. Lakini haidumu sana angani, ni kama miaka 12 tu, na ndiyo maana kuizuia leo huleta nafuu ambayo sisi wenyewe tutaiona. Kwa makadirio ya kawaida, tani moja ya taka mchanganyiko iliyofukiwa katika dampo lenye kina inaweza kutoa, kidogo kidogo kwa miaka mingi, kilo kama 50 za methani. Zidisha kwa 28: ni sawa na tani 1.4 za kaboni dioksidi. Hapo hujahesabu maji meusi yanayochuja kuelekea kwenye visima na mito, wala mioto inayowaka chini kwa chini kwa wiki nzima. Hujahesabu pia watu. Maporomoko ya dampo la Koshe, Addis Ababa, mwezi Machi 2017 yaliua zaidi ya watu 100. Yale ya Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, yaliua zaidi ya 30.

Kwa hiyo wanaotaka kuliondoa dampo wana haki kabisa. Nisingependa mtu asome mistari inayofuata akadhani ninalitetea.

Sasa tuingie kwenye tanuri. Mtambo wa kawaida hupokea taka mchanganyiko, huzichoma juu ya kitanda cha chuma kinachosogea, joto lake huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine ya kufua umeme. Tani moja ya taka hutoa takriban kilowati-saa (yaani uniti) 500 hadi 600 za umeme. Ujazo wa taka hupungua kwa karibu asilimia 90, na methani ambayo ingetoka damponi haitoki tena. Hizi ni faida halisi.

Lakini angalia kinachotoka bombani. Kuchoma tani moja ya taka hutoa kati ya tani 0.7 na 1.2 za kaboni dioksidi. Sehemu yake inatokana na chakula, karatasi na mbao, yaani kaboni ambayo mimea iliivuta angani juzi na sasa inairudisha. Hiyo kwa kawaida haihesabiwi kuwa ongezeko. Theluthi moja hadi nusu hutokana na plastiki, nguo za nyuzi za viwandani na mpira, na vitu hivyo ni mafuta ya petroli yaliyobadilishwa umbo. Tuseme kilo 400 za kaboni ya namna hiyo kwa kila tani ya taka. Zigawanye kwa kilowati-saa 550 na utapata kama kilo 0.73 kwa kila kilowati-saa. Umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban kilo 0.9 hadi 1. Ule wa gesi asilia katika mitambo ya kisasa hutoa kama 0.4. Kumbe umeme wa taka, ukipimwa bombani peke yake, unakaa kati ya gesi na makaa. Palipo na gridi inayotegemea maji, upepo au jotoardhi, kila uniti ya umeme wa taka inaongeza kaboni kwenye gridi hiyo badala ya kuipunguza. Nchi za kaskazini ya Ulaya zinajiokoa kwa kiasi fulani kwa sababu joto linalobaki husafirishwa kwa mabomba kwenda kupasha nyumba moto, kwa hiyo mtambo unatumia zaidi ya asilimia 80 ya nishati iliyomo kwenye taka. Unaofua umeme pekee hutumia asilimia 20 hadi 25 tu, na zilizobaki hupotea hewani kama joto. Mahali pasipohitaji kupashwa moto, hesabu za Uswidi au Denmark huwezi kuzinakili kama zilivyo.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa kuwa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Methani inayookolewa inatokana hasa na maganda na mabaki ya chakula. Kaboni inayoongezwa inatokana na plastiki. Ni vitu viwili tofauti vilivyotiwa kwenye mfuko mmoja, na mtambo unapojisifu, unatumia wema wa kimoja kufunika ubaya wa kingine. Plastiki iliyolala damponi inachafua ardhi na maji kwa njia zake, lakini karibu haitoi gesi yoyote. Ukiichoma, kila kilo moja ya polithini (plastiki ya mifuko) hutoa zaidi ya kilo 3 za kaboni dioksidi. Maganda nayo hayahitaji tanuri hata kidogo ili yasitoe methani damponi. Yanahitaji tu yasifike damponi. Ukishavitenganisha vitu hivi, hoja kubwa ya kuvichoma kwa pamoja inapungua nguvu sana.

Tena maganda hayaungui vizuri. Mabaki ya chakula huwa na maji asilimia 70 au zaidi, na kugeuza kila kilo ya maji kuwa mvuke hula karibu megajuli 2.5 (megajuli ni kipimo cha nishati). Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 kuhusu uchomaji taka uliweka kiwango: taka ziwe na wastani wa angalau megajuli 7 za joto kwa kilo, na zisishuke chini ya 6 katika msimu wowote wa mwaka. Taka za miji mingi ambako chakula hupikwa kutokana na mazao mabichi zina unyevu mwingi mno kufikia hapo, hasa wakati wa mvua. Matokeo yake ni kwamba tanuri linahitaji dizeli au makaa ya kulisaidia, ama linategemea karatasi na plastiki zilizomo ili moto ushike. Na karatasi na plastiki hizo ndizo hasa warejelezaji na waokota taka wanazozitafuta. Mtambo na urejelezaji vinagombea mzigo uleule. Sijaona mpango wa mji unaolieleza jambo hili kwa uwazi unaostahili, nami naona ni kosa, kwa sababu kurejeleza plastiki safi au karatasi karibu kila mara huokoa nishati kubwa kuliko ile inayopatikana kwa kuichoma.

Kuhusu moshi, hofu ya watu ina historia. Dioksini ni kundi la sumu zinazojijenga pale klorini, kaboni na metali kama shaba zinapokutana kwenye moshi wenye joto la kati ya nyuzi 200 na 450 hivi. Hukaa ardhini kwa miaka mingi, huingia kwenye mafuta ya wanyama, na kutoka hapo humfikia mtu kupitia maziwa, mayai na nyama. Mitambo ya zamani iliimwaga kwa wingi. Teknolojia imeidhibiti: gesi za moto hushikiliwa kwenye nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2, kisha hupozwa haraka ili zivuke lile eneo la hatari, halafu hupitishwa kwenye chokaa inayomeza tindikali, unga wa mkaa maalumu unaonyonya dioksini na zebaki, na mifuko ya kuchuja vumbi. Ujerumani ilishuka kutoka takriban gramu 400 za dioksini kwa mwaka kutoka mitambo yake yote ya taka mwaka 1990 hadi chini ya gramu 0.5 mwaka 2000. Kwa hiyo anayesema kwamba kila mtambo wa taka ni kiwanda cha dioksini, anazungumzia mitambo ya enzi nyingine.

Ila tuelewane: kilicholeta mabadiliko hayo ni vichujio pamoja na sheria inayomlazimu mwenye mtambo kuvitumia kila siku. Vichujio ni ghali kuvinunua na ghali kuvihudumia, na mtu akitaka kubana matumizi, hapo ndipo mkono wake hufika kwanza. Halafu dioksini haipimwi muda wote kama vumbi linavyopimwa. Kwa miaka mingi sheria za Ulaya zilizoea vipimo vichache kwa mwaka, vinavyochukuliwa kwa saa chache mtambo ukiwa unaenda vizuri. Wakati wa kuwasha na kuzima, joto likiwa bado halijatulia, sumu hutoka kwa wingi zaidi, na mara nyingi hakuna kipimo kilichowekwa. Mtambo unaozimika mara kwa mara kwa sababu taka ni mbichi ni hatari kuliko karatasi zake zinavyoonyesha.

Na kama kuna jambo baya kuliko mtambo mbovu, ni kuchoma taka kwenye pipa au shimo uani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilipima moshi wa mapipa hayo na kuona kwamba kaya chache, pengine makumi tu, zinaweza kutoa dioksini inayolingana na ya mtambo mkubwa wenye vichujio unaohudumia maelfu ya kaya. Moto wa uani hauna joto la kutosha, hauna chokaa, hauna mfuko wa kuchuja, na moshi wake unapita puani mwa watoto.

Majivu watu huyasahau. Tani moja ya taka huacha kilo 200 hadi 250 za majivu mazito chini ya tanuri. Hayo yakipumzishwa, yakatolewa chuma na kupimwa, hutumika kwenye misingi ya barabara. Lakini vichujio navyo hukusanya makumi ya kilo za majivu mepesi, na humo ndimo metali za risasi na kadimiamu, pamoja na dioksini zilizozuiwa zisitoke bombani hujazana. Kadiri moshi unavyosafishwa vizuri, ndivyo majivu hayo yanavyokuwa na sumu zaidi. Sumu haikutoweka, imekusanywa mahali pamoja. Norwei na Denmark zimekuwa zikiyapeleka kwenye kisiwa cha Langøya, ambako huchanganywa na tindikali chakavu na kufukiwa kwenye machimbo ya zamani. Ujerumani huyahifadhi kwenye migodi ya chumvi. Mji usio na mahali pa namna hiyo utayaweka wapi? Yakimwagwa juu ya dampo lilelile na mvua ikanyesha, basi wale wanaosema uchafu umehamishwa tu watakuwa wamesema kweli tupu.

Sasa bayogesi, ambayo naipenda na sifichi. Mabaki ya chakula yaliyotengwa yakiingizwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, lenye joto la nyuzi 35 hadi 40, vijidudu vilevile vya damponi hufanya kazi ileile, ila safari hii gesi inakamatwa. Tani moja hutoa takriban mita za ujazo 100 hadi 150 za bayogesi, na kila mita ya ujazo ina joto la kilowati-saa 6 hivi. Maji ambayo tanurini yalikuwa adui hapa yanahitajika. Naitrojeni na fosforasi hazipotei. Zinabaki kwenye tope linalotoka, na tope hilo ni mbolea. Ukichoma maganda, naitrojeni karibu yote inapotea angani.

Hata hivyo bayogesi ina masharti, na la kwanza ni uvujaji. Mita moja ya ujazo ina takriban kilo 0.4 za methani. Ikivuja asilimia 10 kwenye viungo vya mabomba, kwenye tangi lililopasuka au kwa kuachia gesi ya ziada itoke bila kuiwasha, ni sawa na zaidi ya kilo 1 ya kaboni dioksidi, na hiyo inakaribia kiasi chote ulichookoa kwa kuacha kutumia gesi ya mtungi yenye joto linalolingana. Kwa hiyo mtambo wa nyumbani unaonuka umekwisha kukupa taarifa: harufu ile ya mayai yaliyooza ni haidrojeni salfaidi, ambayo hula vyuma, na kwa wingi huua, ukiisikia, ujue methani nayo inatoka. Gesi iliyozidi ichomwe, isiachiwe. Tope nalo lisielekezwe mtoni, maana hunyang'anya maji oksijeni na samaki hufa. Lifukiwe au lichanganywe na udongo, kwani likiachwa juani amonia hupaa na mbolea inaondoka nayo. Na kama taka hazikutenganishwa vizuri, vipande vya plastiki na kioo vitaingia shambani pamoja na tope, na kuvitoa huko hakuna anayeweza.

Kuhusu plastiki kuwa mafuta nitakuwa mkali kidogo. Ukizipasha polithini na polipropilini safi kwa nyuzi 400 hadi 600 bila hewa, minyororo yake mirefu hukatika na unapata mafuta kweli, si uongo. Ila PVC, plastiki yenye klorini, hutoa tindikali inayokula mtambo na mapafu, chupa za PET hazitoi mafuta ya maana bali unga na tindikali zinazoziba mabomba, na masizi yanayobaki yana rangi na viungio vya plastiki ile. Sehemu ya gesi inayotoka lazima ichomwe ili mtambo ujiendeshe. Kisha mafuta yenyewe, ukishayatia kwenye injini, yanakuwa petroli kama petroli nyingine: kaboni iliyokuwa imefungwa inaachiwa. Na plastiki inayofaa kwa kazi hiyo, iliyo safi na ya aina moja, ndiyo hiyohiyo inayofaa kutengenezewa ndoo na mabomba mapya. Vikarakana vya uani vyenye pipa, moto chini yake na bomba la kupozea ni hatari ya mlipuko na ya sumu, na siwezi kumshauri mtu yeyote avianzishe. Hata wenye fedha nyingi wameshindwa kwenye teknolojia za namna hii za joto: huko Tees Valley, Uingereza, mitambo miwili mikubwa iliyokusudiwa kugeuza taka kuwa gesi na kisha umeme iliachwa mwaka 2016, na hasara ilikaribia dola bilioni 1.

Plastiki chafu na chakavu ambayo hakuna anayeweza kuirejeleza naona bora iende kwenye matanuri ya saruji yaliyopo tayari. Humo malighafi hufikia nyuzi 1,450, plastiki inachukua nafasi ya makaa ya mawe, na majivu huingia kwenye saruji yenyewe. Klorini lazima iwe kidogo, na zebaki hutoroka kwa urahisi, kwa hiyo vipimo vinahitajika kama kwingine. Mkaa unaotengenezwa kwa maganda makavu na pumba unafaa pia, unapookoa miti, ila ukaushwe vizuri na uchomwe kwenye tanuri linalounguza moshi wake. Ukichomwa kwenye shimo, methani na masizi vinavyotoka hupunguza sana faida hiyo. Plastiki isiingie humo kabisa, kwa kuwa mkaa huo utawashwa ndani ya nyumba.

Kuna athari moja ambayo haionekani bombani. Mtambo mkubwa hujengwa kwa mkopo na mkataba wa miaka 20 au 30, na mara nyingi mji huahidi kuleta kiasi fulani cha taka kila mwaka, na ukipungukiwa, unalipa. Mji uliofungwa hivyo unaadhibiwa kwa kupunguza taka. Uswidi na Denmark, zinazosifiwa sana, zimejikuta zikiagiza taka kutoka nchi nyingine ili matanuri yao yasikose chakula, na mwaka 2020 bunge la Denmark lilikubaliana kupunguza uwezo wa kuchoma taka kwa asilimia 30 ndani ya miaka 10, kwa sababu ya plastiki iliyomo na kaboni yake. Wakati nchi iliyofika mbali inaanza kurudi nyuma, anayeanza leo ana nafasi ya kutopita njia yote hiyo.

Basi kwako wewe unayetenganisha nyumbani: kuvitenga vinavyooza ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoyauliza, hata kama mwisho wake ni mboji tu na si gesi. Betri, taa za mirija na vipimajoto vya zebaki viweke pembeni kabisa, kwa sababu hakuna njia hata moja kati ya hizi nilizozieleza inayovimudu vizuri. Na siku utakapoitwa kwenye mkutano kuhusu mtambo wa taka, omba uonyeshwe unyevu wa taka za mji kwa msimu wa mvua na wa kiangazi, vipimo vya moshi vikiwemo vya siku za kuwasha na kuzima, kiasi cha taka ambacho mji umeahidi kuleta, na jina la mahali majivu mepesi yatakapozikwa. Hilo la majivu usikubali kuambiwa litaamuliwa baadaye, kwa sababu majivu huanza kutoka siku ileile mtambo unapowashwa.